Sifa ya Jina Lisiloyumba

Kuipa kadi ya mtandao jina ni kazi ndogo, na wengi hawaioni. Lakini jina hilo ndilo linaloandikwa kwenye mipangilio ya anwani na kwenye kanuni za ukuta wa moto. Likiyumba, vyote vinayumba nalo.

Kwa miaka mingi Linux iliziita kadi eth0, eth1, eth2, kwa kufuata iliyotambuliwa kwanza. Kwenye seva yenye kadi mbili, moja ya intaneti na nyingine ya mtandao wa ndani, hiyo ilikuwa hatari. Mashine ikizimwa na kuwashwa, kadi zingeweza kubadilishana majina, na ukuta wa moto ukalinda upande wa ndani huku wa nje ukibaki wazi.

Mwaka 2013, toleo la 197 la systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, lilileta majina yanayofuata mahali kadi ilipochomekwa. Katika enp3s0, en ni Etheneti, p3 ni basi namba 3 ya PCI, s0 ni sloti namba 0. Wapo walionung'unika kwamba jina ni gumu kukumbuka, na kweli ni gumu; ila linatokana na kitu unachoweza kukishika.

Mfumo wa Solaris ulipita njia nyingine. Zamani jina lilitokana na draiva: e1000g0 kwa kadi ya Intel, bge0 kwa ya Broadcom. Kadi ikifa na kuwekwa ya aina nyingine, jina lilibadilika na mipangilio ikabidi irekebishwe. Solaris 11, iliyotoka 2011, ikaziita net0, net1, na kwa amri ya dladm rename-link msimamizi huchagua jina mwenyewe.

Linux nayo inaruhusu hivyo. Katika faili la .link la systemd, chini ya [Match] unaandika MACAddress ya kadi, na chini ya [Link] unaandika Name=ndani0. Jina lisizidi herufi 15, wala lisiwe eth0, maana huenda kerneli imeshaligawa.

Siku kadi ikibadilishwa, unarekebisha mstari mmoja tu, ule wa MACAddress. Kanuni zote zinazotaja ndani0 zinabaki zilivyo. Ndiyo maana nausifu ufundi huu. Fundi wake hujiuliza ni kipi kitabadilika na ni kipi kitadumu. Draiva hubadilika, sloti hubadilika, kadi hufa. Kazi ya kadi ndiyo inayodumu, na hiyo ndiyo inayostahili kubeba jina.