Pampu Isiyochagua

Impela ya pampu ya maji safi inapendeza kwa macho. Mapanga yake ni mengi na membamba, yamekunjwa kwa mpangilio mmoja, na mwanya kati yake na kasha mara nyingi haufiki unene wa kucha. Impela ya pampu ya majitaka haina uzuri wa namna hiyo. Nyingine ina panga moja tu, nene, lililozunguka kitovu kwa mkunjo mpana, na ndani yake mna njia ambayo chungwa zima hupita bila kukwaruzwa. Asiyeijua kazi yake angedhani fundi wa kiwandani aliondoka kabla hajamaliza. Mimi naiweka miongoni mwa kazi bora za mikono ya binadamu, na ubora wake naukuta katika ile nafasi iliyoachwa wazi.

Kanuni ya mashine zote mbili ni moja. Mota huzungusha impela, maji yaliyomo kati ya mapanga hurushwa nje kwa kasi, na kasha lililojipinda mithili ya konokono huyapokea. Njia ya kasha inavyozidi kupanuka, ndivyo mwendo wa maji unavyopungua na kugeuka kuwa msukumo wa kuyapandisha bombani. Yanayoondoka katikati huacha pengo, mengine yakaja kulijaza. Kinachotofautiana ni abiria wanaosafiri na maji hayo. Ndani ya majitaka mna mchanga, nywele, mafuta ya kupikia yaliyoganda, vipande vya kanga, pedi, nepi, mifuko ya plastiki, vijiko. Uzi mmoja hunasa kwenye ukingo wa panga, nywele zikausokota, kitambaa kikashika nywele, na kabla ya jioni njia imezibwa na donge ambalo huwezi kulichana kwa kisu kikali.

Kwa hiyo mbunifu wa pampu hii huanza na swali la peke yake. Mwenzake wa maji safi huuliza ni sehemu gani ya umeme alionunua itageuka kuwa maji yaliyopanda. Yeye huuliza kwanza kitakwama nini na kitakwama wapi, kisha hupaondoa mahali hapo. Hulipa gharama ya uamuzi huo. Kuna aina ambayo impela yake imerudishwa nyuma kabisa, nje ya njia ya maji. Inapozunguka huanzisha kizunguzungu ndani ya kasha, na kizunguzungu hicho ndicho hubeba uchafu, sehemu kubwa yake ikipita bila kugusana na chuma. Aina hiyo hupoteza karibu nusu ya nguvu inayopewa, wakati mwingine zaidi. Ile yenye panga moja hupoteza kidogo, lakini uzito wake uko upande mmoja, kwa hiyo lazima isawazishwe kwa makini, na shafti na beringi zake ziwe za kubeba mtikisiko usiokwisha. Nguvu inayopotea ni bei ya kupokea kila kinacholetwa. Naiona bei hiyo kuwa ya haki, kwa sababu pampu haiwezi kumchagulia mtu cha kutupa chooni.

Zipo pia pampu za kusaga, zenye visu mdomoni. Zinafaa penye nyumba chache zilizotawanyika, maana uji zinaoutoa hupita katika bomba dogo, hata la milimita 50. Nje ya hapo sizipendi sana. Mchanga hula makali ya visu, na nyuzi zilizokatwakatwa zina tabia ya kukutana tena mbele ya safari na kujisokota upya. Kwa kituo cha mtaa mzima, mimi ningechagua njia pana kuliko kisu.

Mfumo wa majitaka kwa asili yake haukuumbwa kutegemea pampu. Unategemea mteremko. Bomba huzikwa kwa mwinamo ambao, walau mara moja kwa siku, maji yatakimbia karibu mita 0.6 kwa sekunde au zaidi, mwendo wa kutosha kuufagia mchanga usilale chini. Mji uliojaliwa mwinuko hufaidi. Nairobi, ardhi inashuka kuelekea mashariki, na mabomba makuu hufuata mabonde ya mito hadi kwenye mabwawa ya Dandora kule Ruai, mvutano wa dunia ukifanya kazi kubwa bila kulipwa. Pwani hakuna zawadi hiyo. Dar es Salaam na Mombasa ziko juu ya ardhi inayokaribia usawa, na maji ya chini ya ardhi yako karibu na uso. Bomba likishuka kidogokidogo kwa kilomita chache, linafika kina ambacho kulichimba ni ghali na kulirekebisha ni hatari. Hapo huchimbwa kisima, majitaka hukusanyika humo, na pampu huyapandisha hadi kwenye bomba lingine lililo juu ili yaanze kuteremka tena. Ndivyo ilivyo pia chini ya hoteli, hospitali na majengo ya maduka yenye vyoo vilivyo chini ya usawa wa barabara: mahali fulani karibu na maegesho kuna mfuniko wa chuma, na chini yake pampu mbili.

Ni mbili kwa sababu. Moja hufanya kazi na nyingine husubiri, na zamu hubadilishwa ili zote zizoee kuwaka, maana pampu iliyokaa miezi bila kuzunguka huenda isizunguke siku inapohitajika. Boya huinuka na maji na kuwasha swichi. Maji yakishuka, hukata. Ukubwa wa kisima nao una hesabu yake, na hesabu hiyo naipenda kwa ufupi wake. Mota haipaswi kuwashwa mara nyingi mno, itaungua. Hali mbaya kuliko zote hutokea maji yanapoingia kwa nusu ya kasi ambayo pampu inayatoa. Ukizingatia hilo, pampu ya lita 20 kwa sekunde inayoruhusiwa kuwaka mara 10 kwa saa inahitaji lita 1,800 kati ya usawa wa kuwaka na usawa wa kuzima. Ukipunguza, unaichosha mota. Ukiongeza sana, majitaka hulala kisimani, yanachacha, na kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi. Kuta za zege nazo hupata hasara, kwa kuwa bakteria huigeuza gesi hiyo kuwa asidi inayolila zege kuanzia darini.

Watu wamelikabili tatizo la kupandisha majitaka kwa njia nyingi. London, baada ya uvundo mkuu wa mto Thames mwaka 1858, Joseph Bazalgette alijenga mabomba makuu ya kuuzunguka mji, na mwaka 1865 kikafunguliwa kituo cha Crossness chenye injini nne za mvuke kutoka kampuni ya James Watt. Zilipandisha majitaka hadi kwenye hifadhi kubwa, yakafunguliwa mtoni maji ya Thames yanapokupwa. Isaac Shone alitumia hewa iliyoshindiliwa: chungu cha chuma hujaa, vali hufunguka, hewa ikasukuma kila kilichomo, bila impela yoyote ya kukwamisha. Mitambo ya namna hiyo iliwekwa chini ya Bunge la Uingereza mwaka 1888 na ikahudumu kwa zaidi ya miaka 100. New Orleans, mji ambao sehemu kubwa yake iko chini ya usawa wa bahari, mhandisi Albert Baldwin Wood alitoa mwaka 1915 pampu ya kupitisha takataka bila kuziba. Shone na Wood walikwenda kwenye wazo lilelile kwa barabara tofauti: usiuwekee uchafu kizuizi.

Hatua ninayoistaajabia zaidi ilichukuliwa Uswidi. Kabla yake, mota ilikaa juu pakavu na shafti ndefu ikashuka kisimani, au kilijengwa chumba kikavu kando ya kisima ili pampu ikae humo. Kampuni ya Flygt, iliyokuwa tayari imetoa pampu ya kuzama kwa ajili ya migodi na ujenzi mwaka 1947, ikatoa ya majitaka mwaka 1956. Umeme, ambao hauvumilii hata tone, ukatumbukizwa katika maji machafu kuliko yote, na maji hayohayo yakawa ndiyo yanayoipoza mota.

Linalowezesha jambo hilo ni sili, na hapo ufundi unafikia kilele. Shafti inazunguka, kasha limetulia, baina yao lazima kuwe na mwanya, na mwanya huo usipitishe maji. Fundi wa sili huchukua pete mbili za silikoni kabaidi, moja ikazunguka na shafti, nyingine ikabaki imesimama, nyuso zao zikigusana. Nyuso hizo hunolewa hadi ubapa wake haupimiki tena kwa rula wala kwa maikromita. Hupimwa kwa mwanga: pete hufunikwa kwa kioo bapa chini ya taa ya rangi moja, na mistari ya giza inayotokea humwambia mnoaji ni wapi uso umeinuka kwa sehemu ya elfu ya milimita, hata chini ya hapo. Zikiwa kazini, nyuso hutenganishwa na utando wa majimaji usioonekana, unaozilainisha bila kuvuja. Juu ya jozi ya kwanza kuna chumba cha mafuta, na juu ya chumba hicho jozi ya pili inayoilinda mota. Jozi ya chini ikianza kushindwa, maji huingia kwenye mafuta kabla hayajaufikia umeme. Kwa hiyo fundi wa matengenezo hufungua skrubu ndogo ubavuni, hukinga mafuta kidogo kwenye chupa, na kuyatazama. Yakiwa angavu, hufunga. Yakiwa meupe na mazito, anajua ana muda wa kununua sili mpya badala ya kusuka mota upya. Watu wengi hawajui kwamba usafi wa mtaa wao unaning'inia kwenye rangi ya mafuta yasiyozidi lita chache.

Ubunifu mwingine wa pampu hizi hauhusu maji hata kidogo, nao ndio unaonigusa kuliko yote. Pampu hushushwa kwa mnyororo kwenye reli mbili zilizosimama kisimani. Ikifika chini, huegemea mguu wa chuma uliounganishwa na bomba, na uzito wake wenyewe huibana mahali pake. Hakuna bolti ya kukaza. Ikitakiwa matengenezo, huvutwa juu kwa mnyororo uleule. Aliyebuni hivyo alimfikiria mtu ambaye vinginevyo angeteremka ngazi akiwa na spana mkononi. Haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa na hutulia chini. Mwanzoni hunuka mayai yaliyooza. Ikizidi sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa kunusa, na mtu hudhani hatari imepita. Mafundi wamekufa hivyo katika nchi nyingi, na wenzao waliokimbilia kuwaokoa wakawafuata. Reli mbili na mnyororo huwabakiza juu.

Haya yote ni ya wale walio na bomba la kuwaunganisha. Watu wengi wa Dar es Salaam wanatumia vyoo vya shimo na makaro, na kwao pampu ni ile inayokuja mlangoni. Gari la kunyonya majitaka halipitishi uchafu ndani ya pampu yake. Pampu huondoa hewa tu kwenye tangi, na hewa iliyo nje ndiyo husukuma uchafu upande kwenye mpira. Kwa sababu hiyo uwezo wake una ukomo uliowekwa na uzito wa anga: karibu mita 10.3 za maji pwani, na kama mita 8.4 tu Nairobi, ambako hewa ni nyepesi. Tope zito la chini ya shimo hupunguza zaidi, mpaka limwagiwe maji na kukorogwa. Na gari lenyewe lazima lipate njia ya kupita. Katika vichochoro vya Manzese au Vingunguti mara nyingi halipati, na kazi hubaki kwa vyura, vijana wanaoingia shimoni kwa ndoo na koleo. Au mvua kubwa ikija, mwenye nyumba hukitapisha choo, na kilichotoka huenda kwa jirani.

Kwa ajili ya vichochoro hivyo Dar es Salaam ilijaribiwa, kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, mashine iliyoitwa MAPET: pampu ya pistoni iliyozungushwa kwa mkono na tangi la lita 200, kila kimoja juu ya mkokoteni wake. Ilifuata kanuni ya gari la kunyonya, ila mvutano ulitoka mikononi. Ilifanya kazi, na haikudumu. Miongoni mwa sababu ni kipuri kimoja muhimu kilichotegemea kuagizwa kutoka nje, na ada ya kutapisha shimo iliyoshindwa kulipia matengenezo. Baadaye Steven Sugden wa London alibuni Gulper, ambayo ni bomba la plastiki lenye vali mbili, moja chini na nyingine kwenye fimbo inayovutwa juu na kusukumwa chini na watu wawili waliosimama nje ya shimo. Mpini ukipanda, tope hupanda nao na kumwagika kwenye ndoo au pipa. Bomba lake huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, na fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuunda vali na mpini, kwa hiyo ikivunjika Temeke hurekebishwa Temeke. Upungufu wake ni urefu. Haifiki mbali zaidi ya tope la juu, karibu mita moja na nusu, ilhali mashimo mengi yana kina cha mita tatu, na matambara yaliyotupwa humo huiziba kama yanavyoziba mashine kubwa. Bomba likirefushwa huwa zito kwa mikono miwili, tundu likipanuliwa hubeba tope zaidi kuliko mtu anavyoweza kuinua, na wanaoendelea kuiboresha wanatafuta kipimo kilicho katikati ya hayo mawili.