Kitunguu saumu ndani ya mafuta ya ngazi

Kitunguu saumu kinachopikwa polepole ndani ya mafuta kina vitu vitatu tu: kitunguu chenyewe, mafuta, na majani ya kunukia. Anayekuambia kuna siri ya nne ana kitu anataka kukuuzia. Ugumu wote uko kwenye moto, na katika nyumba za mji wa Kamina, kusini mwa Kongo, ambako vyungu vingi bado hupandishwa juu ya mbabula ya makala, ugumu huo hauna pa kujificha. Mwenye jiko la gesi huzungusha swichi, akaendelea na mazungumzo. Mwenye mbabula ana makala, majivu na mikono yake, basi.

Sifa za wapishi wetu huwa tunazielekeza kwa wanaowasha moto mkubwa: wa nyama ya kuchoma, wa samaki wa chumvi, makayabu, yanayolia ndani ya mafuta mpaka jirani ajue leo mnakula nini. Mimi nataka kumsifu yule anayeuzuia moto. Kuwasha makala hata mtoto anaweza. Kuyafanya yatoe joto dogo lilelile kwa saa nzima, bila kuzimika na bila kupanda, hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa na mbabula miaka mingi.

Tuanze na mafuta. Wafaransa wa kusini-magharibi wamezoea kupika bata ndani ya shahamu yake mwenyewe, na kitunguu saumu cha namna hii mara nyingi hupikwa kwa mafuta ya zeituni. Kamina zeituni haioti, na sioni sababu ya kuililia. Chikichi kinaota upande wa kaskazini, huko Kabongo na Kaniama, na mafuta yake mekundu yanajulikana katika nchi ya Waluba tangu kabla ya reli. Wafalme wa zamani wa Waluba walitawala watu waliobadilishana chumvi, chuma, samaki wa bonde la Upemba na mafuta hayo ya ngazi. Reli ya kampuni ya BCK kutoka Bukama hadi Ilebo, wakati huo Port-Francqui, ilifunguliwa mwaka 1928 ikipita Kamina. Mwaka 1956 ikaongezwa njia ya kwenda Kabalo, mji ukawa njia panda ya treni. Kitunguu saumu kikija kutoka mbali kinakutana hapa na mafuta yaliyotoka karibu.

Mafuta ya ngazi yanayokamuliwa kijijini yana tabia yake, na mpishi mwenye subira huanza kwa kuyasoma. Ngazi huchemshwa, zikatwangwa, zikakorogwa na maji, mafuta yakapanda juu yakaenguliwa. Mara nyingi maji kidogo hubaki ndani. Ukiyaweka jikoni yakaanza kurukaruka na kutema, ni maji hayo yanatafuta njia. Kwa hiyo mafuta hupashwa kwanza peke yake, taratibu, mpaka yanyamaze, kisha hutolewa motoni yapoe. Anayeruka hatua hii atapika kitunguu chake katikati ya kelele asizozielewa, na baadaye nitaeleza kwa nini kelele ni muhimu.

Punje humenywa nzima. Hapa sina huruma: usizikate wala kuzipondaponda, toa tu kile kikonyo kigumu cha chini. Ule ukali unaochoma pua haumo ndani ya punje iliyo salama. Huzaliwa pale chembe zake zinapopasuka, kimeng'enya kiitwacho alinasi kikakutana na kitu kingine kiitwacho aliini, vikatengeneza alisini. Joto huharibu alinasi. Punje ikiingia kwenye moto ikiwa nzima, ukali ule haupati nafasi ya kuzaliwa kwa wingi. Wakati huohuo, sukari zilizofungamana ndani ya kitunguu, ambazo wataalamu huziita fruktani, huachana polepole na kuleta utamu. Ndiyo maana mtu anayekimbia kitunguu saumu kibichi anaweza kula punje sita za namna hii akaomba nyingine.

Sasa moto. Makala mapya hayafai. Yanawaka kwa hasira na kupoa ghafla. Mpishi anayejua husubiri kwanza yapikie kitu kingine, labda maharage, mpaka yavae majivu meupe. Kisha huyasukuma pembeni, akaacha machache katikati, akayafunika kwa majivu yake yenyewe. Wengine huweka kipande cha bati kizito kati ya makala na sufuria, na sufuria yenyewe iwe nene. Aluminiamu nyembamba ya siku hizi hupeleka joto mahali pamoja na kuunguza punje za chini wakati za juu bado mbichi. Mlango wa mbabula huelekezwa mbali na upepo. Hayo yote hufanywa bila kipimajoto, na ukitia kipimajoto utakuta mafuta yako karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, au juu kidogo. Kamina iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, kwa hiyo maji yenyewe huchemka huko kwenye nyuzi 96. Hilo lina maana kwa sababu punje ina maji mengi, na maji hayo ndiyo yanayozungumza na mpishi.

Na hapa ndipo ninapowaheshimu wanaopika kwa mafuta ya ngazi kuliko wanaotumia mafuta meupe. Ndani ya mafuta meupe unaona kila kitu: punje inageuka kutoka nyeupe kwenda dhahabu, ukaikomboa kabla haijawa kahawia. Ndani ya mafuta mekundu jicho halina kazi. Punje zote ni nyekundu tangu dakika ya kwanza. Inabaki sikio. Mwanzo husikika mchemko mwembamba, viputo vidogovidogo vikipanda kimoja kimoja kando ya kila punje. Ukisikia mchakacho wa kukaanga, umeshachelewa, ondoa makala. Ukisikia kimya kabisa mapema, moto umelala, punje zinaloweka tu. Kadiri saa inavyosonga, viputo hupungua kwa sababu maji yamepungua. Hapo ndipo kijiko kinaingia: punje ikibonyezwa ukingoni mwa sufuria ikakubali bila kupasuka, imeiva. Saa moja ni ya kawaida, na nimeona zile nene zikidai zaidi.

Majani yana zamu yake. Mchaichai hauna haraka. Mabua yake huvunjwavunjwa na kuingia tangu mwanzo, maana harufu yake inahitaji muda ili iingie kwenye mafuta. Lumbalumba, ambayo watu wa pwani huijua kama kivumbasha, ina mafuta yake makali ya kunukia, nayo ikikaa saa nzima huteka chungu chote. Majani mawili matatu, yaliyooshwa na kukaushwa vizuri kwa kitambaa, dakika kumi za mwisho, yanatosha. Pilipili nzima, ikiwa ni lazima. Chumvi iachie mezani.

Kinacholiwa nacho ni suala la maoni, na yangu ni haya. Usikipoteze juu ya samaki wa kukaanga, ambaye tayari ana mafuta ya kumtosha. Kiponde ndani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, inapokaribia kushuka, na mafuta yake yachukue nafasi ya mafuta ambayo ungetia. Kipeleke kwenye maharage. Muhogo wa kuchemsha nao unakisubiri. Pembeni ya bukari, yaani ugali, punje nne na kijiko cha mafuta vinaweza kuwa mboga ya mtu ambaye mwezi umemfikisha ukingoni.

Limebaki jambo ambalo mapishi mengi hulipitia mbio. Chakula hiki kina sura ya kitu cha kuhifadhiwa, lakini si cha kuhifadhiwa. Kitunguu saumu hutoka ardhini, na udongo una bakteria iitwayo Clostridium botulinum, ambayo mbegu zake hazifi kwa joto la maji yanayochemka. Ndani ya mafuta hakuna hewa, hakuna asidi ya kutosha, na bakteria hiyo hupenda hivyohivyo. Ikizaa sumu, mafuta hayabadiliki rangi wala harufu. Mwaka 1985, mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula kwenye mkahawa uliokuwa umeweka kitunguu saumu ndani ya mafuta ya soya bila kukitia kwenye friji. Mwaka 1989 wengine watatu waliugua katika jimbo la New York, ndipo mamlaka ya chakula ya Marekani ikaagiza kwamba bidhaa za namna hiyo zitiwe asidi.

Miezi ya Juni na Julai, usiku wa Kamina ukiwa na baridi, mafuta ya ngazi huganda ndani ya chupa na kuonekana kana kwamba yamefunga mlango. Hayajafunga chochote. Mafuta yaliyoganda si friji.

Mwenye friji yenye umeme wa uhakika akiweke humo mara kinapopoa, kabla ya saa mbili kupita, na akimalize ndani ya siku nne. Asiye na friji, na hao ndio wengi, apike vichwa viwili tu, kwa sufuria ndogo, kwa watu watakaokula siku hiyohiyo. Kinachobaki usiku kimwagwe. Na mama yeyote anayefikiria kukitia kwenye chupa akakiuze sokoni au kwenye stesheni ya treni, namwomba asifanye hivyo: auze pilipili yake ya siki, na hiki akiache kiwe chakula cha nyumbani.