Waja Leo, Waondoka Leo: Mgeni wa Mrima na Chakula Chake

Tanga ina msemo wake mashuhuri: waja leo, waondoka leo. Utamu wa msemo huu umo katika sarufi. "Waja" yaweza kuwa wao, wa nafsi ya tatu wingi, na yaweza kuwa wewe uliyesimama mlangoni. Tena Kiswahili hakina haja ya kupindua maneno ili kuuliza, sauti hutosha. Anayeusoma msemo huu kwa sauti iliyotulia anatoa taarifa juu ya wapita njia. Anayeipandisha sauti mwishoni anamkabili mgeni: ndiyo kwanza umetua mzigo, nawe washaufunga?

Vitabu vya kuongoza wasafiri, vya Lonely Planet na vya Bradt na vinginevyo vya sampuli hiyo, vimeuchukua usomaji wa kwanza. Si kwa ubaya. Ni fani yake inayovilazimisha. Kila mji hugawanywa mafungu: pa kulala, pa kula, pa kutazama. Mgao huo haudhuru London, ambako chakula na malazi ni biashara mbili zisizojuana. Ukiletwa Mrima, hukata kitu kilichokuwa kimoja, kwani mwenyeji wa pwani hakupata kumkaribisha mtu kitandani bila kumkaribisha sahanini. Matokeo yake yaonekana katika ratiba ya kawaida: Mapango ya Amboni asubuhi, magofu ya Tongoni alasiri, kisha kuvuka Mto Pangani kuelekea fukwe za Ushongo. Mji wa Pangani, alikonyongwa Bushiri mwaka 1889, hubaki jina la mahali pa kuvukia. Katika hoteli ya ufukweni malipo yamekwisha kujumlisha milo yote, basi mgeni hana sababu ya kutoka nje ya lango.

Kosa la ratiba hiyo ni kuanza na kitanda. Chakula cha Mrima kina kalenda yake, nayo hupangwa na maji na upepo. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, watu huteremka mwambani kutafuta pweza. Wakati wa maji mafu mwamba haufunuki vile, na anayemtamani pweza wa siku hiyo amekuja wiki isiyo yake. Kusi likivuma kwa nguvu ngalawa hazendi mbali, na sokoni huonekana changu na tasi wa karibu kuliko nguru wa maji makuu. Na nazi, ambayo kitabu huitaja kwa neno moja tu, kwa mpishi wa Pangani ni umri mzima: kitale hakina kazi jikoni, dafu hunywewa, koroma lina nyama laini isiyotoa tui la maana, na nazi iliyokomaa ndiyo ikaliwayo mbuzi. Tui jepesi hutangulia chunguni, tui zito hungoja mwisho. Samaki wa kupaka hapikwi kwa mtu aliyetokea ghafla saa saba mchana akiwa na haraka. Huagizwa tangu jana.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Mama anayepika nyumbani au kibandani hawezi kununua nazi nne na kolekole mzima kwa kumtarajia mgeni ambaye huenda asitokee. Mgeni naye hatokei kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba chakula kipo. Kila mmoja yuangoja mwenziwe, na fedha hupita barabarani.

Haki itendeke lakini. Si dhambi kutaka chandarua kizima na choo safi, na waandishi wa miongozo hawakosei wanaposema kwamba vyumba vya namna hiyo mjini Pangani si vingi. Wanakosea zaidi katika nasaha zao kuhusu Ramadhani, mwezi wanaouandika kama usumbufu: mikahawa imefungwa mchana. Kweli imefungwa. Magharibi hiyo hiyo, hata hivyo, hutandikwa futari ya mihogo na magimbi ya nazi, tambi, tende na uji wa pilipili manga, na huo ndio mwezi ambao mgeni hupata taabu kukataa mwaliko. Msomaji wa Unguja, aliyeiona Forodhani ikifunguliwa upya mwaka 2009 na chakula cha jioni kikawa ndicho kivutio chenyewe, hahitaji kuelezwa sana. Ingawa Forodhani nayo ina lawama zake, ya bei zinazotazama sura ya mnunuzi.

Wagosi wa Kaya waliuita wimbo wao "Tanga Kunani", swali jingine la mji huo lililoachwa bila alama ya kuuliza. Basi linaloelekea huko husimama kwanza Muheza. Ukiwa msimu, machungwa hupandishwa madirishani kwa mabeseni, na abiria ambaye ratiba yake haikuandika mlo wowote kabla ya hoteli hujikuta yuamenya la pili kabla dereva hajaondoa gari.