Kilicho Chini ya Mawimbi: Courbet na Monet Pwani ya Normandie

Tukitazama picha ya bahari, macho yetu hukimbilia mawimbi, mashua na mawingu. Hatuulizi ni kitu gani kilichopakwa chini ya mawimbi hayo. Hata wenye elimu wanaoandika habari za picha hulisahau jambo hili mara nyingi, wakidhani ni kazi ya watumishi. Lakini mimi naona kwamba picha ya pwani huanza kuwa nzuri au mbaya kabla mchoraji hajagusa rangi ya bahari. Tuwatazame Wafaransa wawili, Gustave Courbet na Claude Monet, waliochora pwani ileile ya Normandie, kila mmoja kwa njia yake.

Kwanza tujue kazi yenyewe. Kitambaa cha kitani hakipakwi rangi ya mafuta kikiwa kitupu. Mafuta hayo, yanayokamuliwa katika mbegu za kitani, hayakauki kama maji yanavyokauka. Hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewa, na yakiingia katika nyuzi huzichoma polepole, hata miaka ikipita kitambaa hukatika kama jani kavu. Kwa hiyo fundi hukiwamba kitambaa juu ya mbao, akakipaka gundi ya ngozi, nyepesi na vuguvugu, ili kuzuia mafuta yasipenye. Gundi ikikauka, huja mpako wenyewe: chaki iliyosagwa na kukorogwa katika gundi, au rangi nyeupe ya risasi katika mafuta. Gundi ikizidi, mpako hupasuka. Ikipungua, mpako hunywa mafuta yote ya rangi, na picha hubaki imefifia. Tena rangi za juu zapaswa kuwa na mafuta kuliko za chini. Mtu akigeuza utaratibu huo, ngozi ya juu hukauka kwanza, kisha hupasuka tabaka la chini linapoendelea kujikunja. Wasomaji wa Lubumbashi hawatashangaa, maana wachoraji wa mji ule, kama Tshibumba Kanda Matulu, walichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, nao iliwabidi kuvipaka kwanza.

Katika siku za Courbet na Monet kazi hiyo ilifanywa sana na maduka ya Paris, yakiuza vitambaa vilivyokwisha tayarishwa, kwa namba. Hata leo namba 30 ya picha ya mtu ina sentimita 92 kwa 73, na namba 30 ya bahari ni 92 kwa 60, kwa sababu bahari hutaka upana. Lakini rangi ya mpako ni uchaguzi wa mchoraji, na hapo ndipo wawili wetu walipoachana.

Courbet, aliyezaliwa mwaka 1819 katika Ornans, nchi ya majabali, alipenda mpako wa giza, kahawia inayokaribia weusi. Alianzia gizani akapanda kuelekea mwanga. Mwaka 1869 alikaa Étretat, katika nyumba iliyokuwa karibu sana na maji. Guy de Maupassant, aliyemwona akifanya kazi huko, aliandika mwaka 1886 kwamba alipaka vibonge vyeupe kwa kisu cha jikoni, na mara kwa mara alikwenda kuegemeza uso kwenye kioo cha dirisha ili aitazame dhoruba. Basi tukumbuke kioo hicho! Katika picha yake kubwa ya wimbi, iliyoonyeshwa katika maonyesho ya Salon ya Paris mwaka 1870, maji ni mazito na ya kutisha, na povu limesimama juu ya giza kama theluji juu ya mlima. Nguvu iko, sikatai. Lakini wimbi lile halianguki. Ukilitazama kwa muda mrefu, unaona jabali.

Monet, aliyezaliwa mwaka 1840, alikulia Le Havre, na ni Eugène Boudin, mwana wa pwani hiyo, aliyemfundisha kutoka nje na kuchora mbele ya vitu vyenyewe. Wakati huo rangi zilikwisha kutiwa katika vibomba vya bati, uvumbuzi wa John Goffe Rand, Mmarekani, mwaka 1841. Bila hivyo mtu angebebaje rangi za mafuta hadi ufukoni? Mwaka 1870, huko Trouville, Monet alichora picha ndogo ya wanawake wawili wameketi chini ya miavuli. Leo iko London, katika National Gallery. Mpako wake ni hafifu, nao haukufunikwa wote: kati ya mipigo ya brashi umeachwa wazi, ukawa sehemu ya mwanga wa siku ile. Tena chembe za mchanga zimenaswa ndani ya rangi, kwa kuwa upepo ulizileta ilipokuwa bado mbichi. Hapa mpako unafanya kazi pamoja na rangi, si chini yake tu. Ndiyo sababu Monet aliweza kwenda mbio, nayo bahari haingojei mtu.

Mbio hizo zilikuwa na hatari zake. Mwezi wa Novemba 1885, naye yuko Étretat, hakupima vizuri maji ya kujaa. Wimbi lilimtupa kwenye genge, likamkokota pamoja na vyombo vyake, na picha aliyokuwa akiichora ikaharibika.

Je, Courbet alikosea basi? Katika wimbi, nasema ndiyo. Giza la chini halina haraka, na tena rangi ya mafuta huzidi kupenyeka kwa macho kadiri miaka inavyopita, hata weusi ule huzidi kujitokeza. Lakini tazama picha yake nyingine ya mwaka huohuo wa Salon, ile ya genge la Étretat baada ya dhoruba, ambayo iko Paris katika Musée d'Orsay. Genge lile ni la chaki, kitu kilekile ambacho mafundi husaga kwa mpako. Hapo kisu chake kimepata mwenzake: kimekwaruza, kimejenga, kimeacha kahawia ya chini ionekane katika nyufa, na jiwe limekuwa jiwe. Anga imeoshwa, mashua zimevutwa nchi kavu. Maji yamebaki ukanda mwembamba tu upande mmoja, na Courbet hakuyagombeza.