Jongoo wa Bamburi: kiwanda cha saruji kilivyopata udongo juu ya jiwe tupu

Aina 26 za miti zilipandwa. Tatu zikapona. Hesabu hiyo ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 hunijia kila ninapoona picha ya wakurugenzi wameshika majembe mapya, kila mmoja na mche wake, mpiga picha akiwaomba watabasamu. Bamburi walianza kwa kupoteza karibu kila walichopanda, na kujua kwa nini walipoteza ndiko kulikowaonyesha njia.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954, miaka mitatu baada ya kampuni kuundwa. Malighafi ilikuwa pale pale: matumbawe ya kale, yaliyoota zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo, kisha maji yakarudi nyuma yakayaacha nchi kavu yamekuwa mawe ya chokaa. Juu ya mawe hayo palikuwa na udongo haba na vichaka. Ili kuyafikia unafyeka, unakwangua udongo, unalipua kwa baruti, unapakia, unasaga. Wachimbaji waliteremka hadi karibu na usawa wa maji ya ardhini wakakomea hapo, kwa kuwa chini yake ni maji ya chumvichumvi, halafu wakasogea mbele. Nyuma yao ilibaki sakafu ya jiwe jeupe, bila udongo hata wa kujaza kiganja, ambapo joto la mchana lilifika nyuzi 40.

Mwaka 1971 kampuni ilimkabidhi sakafu hiyo René Haller, Mswisi aliyesomea bustani na kilimo cha nchi za joto. Alikuwa amekuja Afrika Mashariki miaka ya 1950 kusimamia shamba la kahawa Kilimanjaro, na tangu 1959 alikuwa akifanya kazi Bamburi, akitunza bustani na kulima matunda na mboga za wafanyakazi. Kwa hiyo hakuwa mshauri wa kukodiwa anayeandika ripoti nene na kupanda ndege. Alikuwa mtu wa humo ndani, mwenye mshahara, mwenye vibarua, na mwenye miaka mingi mbele yake. Wakati huo hakuna aliyewashurutisha Bamburi. Sheria ya Kenya ya usimamizi na uratibu wa mazingira ilitungwa mwaka 1999. Bamburi walikuwa wameshapanda miti kwa karibu miongo mitatu.

Sasa tuje kwenye vifo vya ile miche. Mti unahitaji mahali pa kushika mizizi, maji, na chakula. Machimbo yalikuwa na maji, lakini ya chumvi. Chakula ndicho kilichokosekana kabisa. Jiwe la chokaa halina naitrojeni, na chokaa ikizidi hufunga fosforasi na madini ya chuma yasiyeyuke, hivyo mizizi hupita juu yake kama mwenye njaa mbele ya ghala lenye kufuli. Ukimwagilia hujatibu hilo. Ukileta malori ya udongo kutoka kwingine umehamisha shimo tu, maana huko ulikouchukua pamebaki panapodai ukarabati wake. Haller hakupita njia ya malori. Alitafuta mti utakaokubali kukaa pale kama palivyo.

Mitatu iliyokubali ilikuwa mnazi, damas wa Kisomali (wanasayansi humwita Conocarpus lancifolius) na mvinje. Mnazi haushangazi, ni mwenyeji wa chumvi. Damas amezoea ukame wa Pembe ya Afrika. Ila aliyebeba kazi alikuwa mvinje, mti ambao mtu yeyote wa pwani anaujua kwa uvumi wake upepo unapopita, na kwa nguzo zake. Mvinje huvumilia maji ya chumvi, na kwenye mizizi yake huota vinundu vinavyokaliwa na bakteria waitwao Frankia, wenye uwezo wa kuchukua naitrojeni hewani na kuigeuza chakula cha mti. Pamoja nao wako kuvu wa mizizini, ambao nyuzi zao hupenya kwenye vijitundu vya jiwe na kuvuta fosforasi. Mche ukiwekwa peke yake kwenye jiwe tupu, bila wakazi hao, hudumaa. Kwa hiyo huhitaji kupewa viumbe hao wa mizizini kutoka mahali mivinje imekwisha kuzoea. Mtu akipita haoni chochote cha maana: mtu amechukua udongo kidogo chini ya mti mkubwa akautia kwenye shimo la mche. Hapo ndipo penye nusu ya siri.

Miti ikaota, na kwa haraka. Kampuni nyingi zingeishia hapo, zikapiga picha kutoka angani, kijani juu na cheupe pembeni. Tatizo lilikuwa chini. Kile tunachokiona kama sindano za mvinje kwa kweli ni vijitawi vyembamba vyenye vifundo, na vina tanini nyingi, ile ile ya kutengenezea ngozi za wanyama. Tanini huwakatisha tamaa bakteria wa kuozesha. Sindano zikadondoka, zikalala juu ya jiwe zikiwa kavu, zikarundikana, zisioze. Msitu ulikuwa ukijilisha kwa naitrojeni ya hewani na kufungia akiba yake yote kwenye zulia ambalo hakuna aliyeweza kulila. Msitu wa namna hiyo si hai sana kuliko shamba la nguzo za umeme.

Mtu mwingine angeagiza mbolea. Haller alimwona jongoo.

Ni yule jongoo mkubwa wa pwani, mwenye miguu myekundu, ambaye watoto humgusa kwa kijiti ili ajikunje. Alionekana akizitafuna sindano zile zile ambazo wengine walizikataa. Wakakusanywa mamia na kuachiwa chini ya mivinje. Jongoo hameng'enyi sana anachokula. Sehemu kubwa hutoka kwa nyuma ikiwa imesagwa laini. Ni huko kusagwa ndiko kunakofaa. Sindano iliyokuwa na ngozi ngumu imekuwa punje nyingi ndogo, zenye unyevu, ambazo bakteria na kuvu wanaweza kuzishambulia kutoka kila upande. Mboji ikaanza kujengeka, kidogo kidogo, kuanzia kwenye mianya ya jiwe.

Kuna jambo moja hapa ambalo sijaliona likitajwa mara nyingi. Gamba la jongoo hujengwa kwa kalisi, madini ya chokaa. Katika ardhi nyingi zenye tindikali, jongoo hupungua kwa kuikosa. Machimbo ya Bamburi yalikuwa na kalisi kupita kiasi. Kile kile kilichoua aina 23 za miti kilimpa mdudu huyu malighafi ya gamba lake. Sijui njia nzuri zaidi ya kueleza maana ya kusimamia rasilimali: kuuliza sumu ya mahali fulani ni chakula cha nani.

Mboji ilipopatikana, mengine yalikwenda kwa kasi na nitayapitia kwa kasi. Miti ya asili ya pwani ikaingizwa chini ya kivuli, ndege wakaleta mbegu zao wenyewe, mabwawa yakachimbwa. Wanyama wa kula majani, wakiwemo pofu na choroa, wakaletwa, kinyesi chao kikasambaza rutuba. Mivinje yenyewe, kwa kuwa mizizi yake haikuweza kwenda chini sana, ilipunguzwa na kuvunwa hatua kwa hatua. Wapo wanaolalamika kwamba mvinje si mti wa asili ya huku. Lalamiko hilo lina uzito mahali penye msitu wa asili unaoweza kudhurika. Juu ya jiwe lililochimbwa, mwenye kusubiri miti ya asili iote yenyewe angekuwa anasubiri hadi leo. Mvinje aliwekwa kama mfanyakazi wa muda, na kosa lingekuwa kumwacha awe bosi.

Upande wa fedha ndio unaowafaa mameneja wa viwanda kuusoma mara mbili. Kazi ya machimboni ilikua ikawa kampuni tanzu, Baobab Farm, iliyotakiwa kuuza kitu. Iliuza nguzo na miti. Ilifuga perege na mamba. Maji ya mabwawa ya samaki, yenye kinyesi kingi, hayakumwagwa. Yalielekezwa kwenye mimea ili iitumie rutuba hiyo. Mwaka 1984 sehemu ya machimbo ilifunguliwa kwa umma kwa kiingilio, na mwaka 1999 ikapewa jina la Haller Park. Haller mwenyewe aliingizwa mwaka 1987 katika orodha ya heshima ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP. Wageni wengi, lakini, huja kwa sababu ya Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akajishikiza kwa kobe mzee wa Aldabra aitwaye, kwa haki kabisa, Mzee. Hadithi hiyo imeandikiwa vitabu vya watoto. Cha jongoo sijakiona.

Faida ya mpango huo kuwa na mapato yake haikuwa ukubwa wa mapato, kwani saruji ndiyo iliyoendelea kulipa mishahara. Faida ilikuwa ulinzi. Idara yenye wateja, hesabu na wafanyakazi haifutwi kirahisi mwaka bei ya saruji inaposhuka. Mradi wa hisani hufutwa kwa barua ya aya moja.

Baada ya sifa hizo, tuseme pia lisiloweza kusemwa kwa miti. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma jiwe la chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi katika tanuri la nyuzi zipatazo 1,450 hadi itoke klinka, kisha klinka husagwa. Joto hilo hulitenganisha jiwe: katika kila kilo 1,000 za chokaa safi, kilo 440 huondoka kama hewa ukaa. Hizo hazitokani na makaa wala mafuta. Zilikuwa ndani ya jiwe. Tani moja ya klinka hutoa kwa njia hiyo zaidi ya nusu tani, kabla hujahesabu moshi wa nishati. Chukua tanuri la tani milioni moja za klinka kwa mwaka. Tuwe wakarimu, tuseme hekta moja ya msitu unaokua vizuri hunyonya tani 20 kwa mwaka. Ungehitaji hekta zaidi ya 25,000, yaani kilomita za mraba 250 na ushei, eneo linaloizidi nchi kavu yote ya Kaunti ya Mombasa, na zote ziwe msitu unaoendelea kukua. Msitu wa machimboni umelipa deni la ardhi. Deni la hewa liko pale pale.

Hilo la hewa hushughulikiwa kiwandani. Njia ya kwanza ni kupunguza klinka ndani ya mfuko, kwa kuchanganya pozolana, yaani majivu ya volkano ambayo Kenya inayo bara. Ya pili ni kubadili kinachochomwa: huko Kasese, Uganda, kiwanda cha Hima, kilichokuwa kwa miaka mingi mikononi mwa Bamburi, kilitumia maganda ya kahawa tanurini. Maganda hupunguza makaa ya kuagizwa, lakini hayagusi zile kilo 440. Ripoti ya mwaka yenye picha ya twiga kwenye jalada na isiyotaja asilimia ya klinka kwenye mfuko inamficha msomaji jambo kubwa kwa jambo zuri.

Mbinu ya Bamburi pia haihamishiki nzima nzima. Kwale, ambako Base Titanium walichimba mchanga wa madini hadi Desemba 2024, udongo wa juu uliweza kukwanguliwa, kutunzwa na kurudishwa, na hilo ni bora na rahisi kuliko kuuumba upya. Kinachohamishika ni mpangilio: anza kwa kuuliza udongo utatoka wapi, halafu mti, halafu mnyama, na umwajiri mtu atakayekuwepo mti utakapokataa. Wengi huanza na mti kwa sababu mti huonekana kwenye picha. Wachache huanza na mnyama kwa sababu mnyama huleta watalii.

Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 sasa inamtaka mchimbaji awe na mpango wa kukarabati eneo, na aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya mazingira. Bamburi yenyewe imebadili mmiliki: Desemba 2024 Amsons Group ya Tanzania ilikamilisha kuinunua, pamoja na madeni na sifa zake. Wawekezaji wa saruji wanaendelea kuitazama chokaa ya pwani, na kila mradi mpya huja na tathmini ya athari za mazingira ambayo mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, hutakiwa kuitangaza ili wananchi watoe maoni. Wewe unayeishi jirani na eneo la namna hiyo, omba nakala. Ruka kurasa za idadi ya miche. Tafuta mahali panapoeleza udongo utatoka wapi, nani ataajiriwa kuutengeneza, na kwa miaka mingapi. Usipoona ukurasa huo, andika pingamizi lako kabla muda wa maoni haujafungwa.