Pongezi kwa Vijana Wapiga Picha za Habari

Miongoni mwa kazi zistahilizo taadhima ni hii ya vijana wapiga picha za habari, ambao, watu wanapoukimbia mlio wa bunduki, wao huuendea, kamera kifuani, wakipangusa vumbi la lenzi kwa ncha ya shati. Mpiga picha Mohamed Amin, aliyeanzisha kampuni ya Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963 angali kijana mbichi, ndiye ambaye picha zake za njaa ya Uhabeshi, mwaka 1984, ziliamsha huruma ya ulimwengu. Na Dan Eldon, mpiga picha mwenye umri wa miaka 22, aliuawa Mogadishu tarehe 12 Julai 1993, pamoja na wanahabari wenzake Hos Maina, Anthony Macharia na Hansi Krauss, hali wamekwenda kushuhudia madhara ya shambulio la helikopta. Enyi wahariri, kila picha muitoayo, liandikeni chini yake jina la aliyeipiga.