Kisiwa Hakikosi Wenyewe

Mjukuu wangu alipokuja likizo alikuwa na kifuko ambacho mwanzoni nilidhani kina ushanga. Kumbe zilikuwa dadu: moja ya nyuso 4, nyingine 8, nyingine 20. Pamoja nazo alileta kijitabu cha kurasa 32, akaniomba nikisome kisha nimwambie nakionaje. Nilimwuliza kwa nini mzee kama mimi. Akajibu, "Babu, kinahusu kisiwa, na wewe ni mtu wa kisiwani." Jibu hilo lilinitosha. Nilikisoma mara mbili, kisha tukakicheza jioni nne mfululizo. Haya ndiyo maoni yangu.

Kijitabu chenyewe kinaitwa The Isle of Dread, yaani Kisiwa cha Hofu. Kiliandikwa na Wamarekani wawili, David Cook na Tom Moldvay, kikatolewa mwaka 1981 na kampuni ya TSR kwa ajili ya mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Mchezo huo, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974, hauna mshindi. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja wao ndiye msimulizi na mwamuzi; waliobaki hujitwalia kila mmoja mhusika wake, awe askari, mchawi au mwizi, na kusema atakachotenda. Jambo likiwa la kubahatisha, dadu huamua. Aliyepata kukaa mkekani akimsikiliza bibi akisimulia atauelewa upesi. Tofauti ni kwamba hapa wasikilizaji nao wamo ndani ya hadithi.

Nianze na fani, kwa sababu hapo waandishi wanastahili sifa. Mashujaa wanaokota kurasa za kumbukumbu za safari za nahodha mmoja, Rory Barbarosa, ambaye alikiona kisiwa na kusikia habari za lulu kubwa nyeusi iliyoko bara yake. Wachezaji hupewa ramani ya nahodha huyo. Imechorwa pwani, lakini ndani karibu yote ni tupu. Msimulizi ndiye mwenye ramani kamili. Kila siku ya safari wachezaji huingia sehemu mpya na kuijaza kwa mikono yao: hapa kinamasi, hapa mlima, hapa tulimpoteza mwenzetu.

Mimi nimetumia miaka mingi katika chuo cha ualimu nikisoma maandalio ya masomo ya wanachuo, na nathubutu kusema kwamba hili ni andalio jema kuliko mengi niliyoyatia saini. Kijitabu kilitiwa katika sanduku moja na kanuni za mchezo ili kumfunza msimulizi mpya namna ya kuendesha safari za porini na baharini. Hakimhubirii. Kinampa ramani tupu na sababu ya kutaka kuijaza. Tulikuwa tukiwaambia wanachuo wetu kila mwaka kwamba mtoto hujifunza anapotaka kujua, kisha tukaenda kuwamwagia maelezo ubaoni saa nzima.

Njia hii ya kuanza na ramani ina asili ya heshima. Robert Louis Stevenson alianza Treasure Island mwaka 1881, huko Braemar nchini Scotland, kwa ramani ya kisiwa iliyochorwa akiwa na mtoto wake wa kambo. Hadithi ikazaliwa kutokana na karatasi hiyo. Sisi tulikijua kitabu hicho kwa jina la Kisiwa chenye Hazina, na tulikipenda mno. Cook na Moldvay ni wanafunzi wa Stevenson, wapende wasipende.

Kuhusu madude yake sina sifa moja kwa yote. Wamo mijusi wakubwa wa kale, na upo ukuta mkubwa unaotenga vijiji na pori. Aliyeona sinema ya King Kong ya mwaka 1933 atatambua mara moja vitu hivi vilitoka wapi. Wapo watu-paka waitwao rakasta, na buibui wenye akili waitwao aranea. Hawa wanapendeza, ila ungeweza kuwahamishia mlimani au jangwani na kisipungue kitu. Dude la kisiwani lililo bora ni lile lisiloweza kuhama. Ndege Rukh wa hadithi za Sindbad, ambaye naye amo katika kanuni za mwanzo za mchezo huu, ana nguvu hiyo. Wasafiri wa kale walimweka upande wa Madagaska, na kweli Madagaska kulikuwa na ndege mkubwa asiyeruka, ambaye yai lake liliweza kuchukua lita 8 na zaidi. Chunusi wa kwetu naye ni hivyo hivyo: hana habari nawe mpaka uingie majini.

Dude linalonifanya nikiheshimu kijitabu hiki ni kopru. Hawa ni viumbe vya majimaji vinavyokaa chini ya hekalu, katika kisiwa cha mwiko kilicho ndani ya ziwa, juu ya uwanda wa katikati ya nchi. Hatari yao hasa haimo katika meno. Huitawala akili ya mtu, naye akawatumikia huku akidhani anajitumikia. Hapo mchezo unagusa jambo zito.

Sasa nije kwenye maudhui, ambako ndiko tulikokosana, mimi na kijitabu.

Kusini mwa kisiwa, kwenye rasi, kuna vijiji vya wenyeji. Kilicho karibu na ukuta kinaitwa Tanaroa. Wana koo zao, wakuu wao, na waganga wanaoinua maiti. Mashujaa hufika, hupokewa, huuliza njia, kisha hupita kwenda kutafuta lulu. Baada ya hapo Tanaroa haina kazi tena. Mle ndani ya pori wamo pia maharamia, nao ni watu wa kupigana nao njiani, kama walivyo mijusi.

Jioni ya pili nilimwuliza mjukuu wangu, "Hawa watu wa Tanaroa wanavua wapi? Ngalawa ni za nani? Wakiona tanga geni wanasemaje?" Akapekua, akapekua, akasema, "Babu, hakuna."

Mimi ni mzaliwa wa Mafia. Tukiwa watoto tulivushwa kwenda Juani kuona magofu ya Kua, misikiti na majumba ya mawe yaliyokumbatiwa na mizizi. Wazee walitueleza kwa nini mji ule mzuri hauna watu. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walikuja kutoka Madagaska kwa mitumbwi yao, wakauvamia, wakaua na kuchukua mateka. Hadithi ile haikuwa na lulu wala ramani. Mhusika wake mkuu alikuwa mtu aliyekuwa ufukoni asubuhi ile.

Na maharamia wa kweli wa bahari hii hawakuwa watu wa kuimba na kufukia masanduku tu. Katika kisiwa cha Sainte-Marie, kando ya Madagaska, Adam Baldridge alijenga ngome yake kwenye mwaka 1691, akawauzia maharamia mahitaji yao, na akafanya biashara ya watumwa. Mwaka 1697 wenyeji waliinuka wakaivunja. Ukiuliza ni nani aliyekuwa dude katika kisiwa kile, jibu litategemea ulikuwa umesimama chomboni au nchi kavu.

Hapa sina budi kujishtaki mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilisoma Kisiwa chenye Hazina nikasafiri na wale walio merikebuni bila wasiwasi wowote. Hakuna aliyenilazimisha. Stevenson, kwa bahati yake, alikifanya kisiwa chake kisiwe na wenyeji, hivyo hakumdhulumu mtu. Cook na Moldvay waliweka watu, kisha wakawasahau. Kosa lao ni dogo kuliko la wengi, lakini ni kosa, na nililifanya mimi pia kila nilipofundisha "safari za uvumbuzi" bila kuwauliza wanafunzi waliovumbuliwa walikuwa wakifanya nini siku hiyo.

Mjukuu wangu alinitetea kijitabu. Alisema huo ni mchezo tu, na msimulizi yuko huru kuongeza atakacho. La kwanza silikubali: mtoto hujifunza mchezoni kuliko darasani, na ndiyo maana nimeusifu. La pili ni kweli tupu, nami nalikubali kwa mikono miwili. Kitabu cha namna hii hakimaliziki kwa mwandishi. Kilitolewa tena mwaka 2018 kikiwa kimepanuliwa sana, na kila meza inayokicheza hukiandika upya.

Basi jioni ya nne tulikiandika upya. Mjukuu alikuwa msimulizi; mimi, mke wangu na watoto wawili wa jirani tukawa watu wa Tanaroa. Sote tulipewa ramani kamili, maana hakuna mwenyeji asiyejua kinamasi chake. Sehemu tupu ikawa bahari. Magharibi, chombo kikaonekana mbali, na hatukujua kimebeba nini.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mke wangu alitaka tuwashe moto ufukoni ili wageni wasipande mwamba. Mimi nilikumbuka Kua, nikataka tuuzime hata ule wa jikoni. Tulibishana karibu saa nzima bila kugusa dadu, na hapakutokea dude lolote, wala hapana aliyelihitaji. Hatimaye yule mtoto mdogo, ambaye alikuwa hajasema neno, akauliza kama hatuwezi kumtuma mtu mmoja kwa ngalawa akasikilize wanaongea nini.

Tulimtuma yeye. Kisha taa ilikatika, tukaahirisha. Mpaka leo kila nikikutana naye njiani ananiuliza lini tutamalizia, maana bado yuko baharini.